Vikokotoo vya umbali wa ndege: Manda hadi Seattle si saa 18

Januari 2022 mkwe wangu alinitumia picha aliyoipiga kwenye skrini ya simu yake. Juu imeandikwa Lamu, chini Seattle, kati yao mstari mwekundu uliopinda, na pembeni namba mbili: 9,155, kisha saa 18 na dakika 49. Chini ya picha akaandika: "Mama, usiwe na wasiwasi. Ni saa kumi na nane tu. Dalili zikianza, siku hiyo hiyo tunakukatia tiketi."

Binti yangu alikuwa na mimba ya kwanza. Kwetu Lamu mama ndiye anayekaa na mzazi mpaka arobaini iishe. Anamkanda, anamfunga tumbo, anampikia uji wa pilipili manga na supu ya kuku, anamwogesha mtoto ili mwanawe apate kulala. Kazi hiyo haiagizwi mtu mwingine. Visa nilikuwa nayo, pasi nilikuwa nayo, sanduku lilikuwa tayari chini ya kitanda, na nilichosubiri ni simu tu. Nimesomesha hesabu na jiografia miaka mingi hapa kisiwani, lakini ile namba sikuihakiki. Niliiamini kwa sababu niliitaka iwe kweli.

Mjukuu wangu alizaliwa nikiwa South C, Nairobi, kwa binamu yangu, nimekaa sebuleni na sanduku miguuni. Nilipofika Seattle alikuwa na siku nne.

Tangu hapo nimevijaribu vikokotoo vingi vya namna hiyo, vile vya kwenye mtandao na vile vya kupakua kwenye simu, ambavyo unaviandikia majina ya viwanja viwili vya ndege navyo vinakupa umbali na muda. Julai 2024, binti yangu alipokaribia kujifungua mara ya pili, niliitumia hesabu yao kwa namna yangu na nikafika mapema. Hii hapa ni tathmini yangu, na naiandika kwa wazazi wenzangu wa Lamu na Malindi walio na watoto ng'ambo, kwa sababu najua picha kama ile mnatumiwa na nyinyi.

Nianze na ile 9,155, maana mkwe wangu hakuandika ni 9,155 za nini. Jirani yetu mmoja aliichukua kuwa kilomita, akasema barazani kwamba basi Seattle haipiti sana Guangzhou, wanakokwenda wafanyabiashara wetu, ambako ni kama kilomita 8,700 kutoka Nairobi. Kaka yangu ni nahodha, amevusha watu kati ya Lamu na Manda, kisiwa cha pili chenye uwanja wetu wa ndege, tangu ujana wake. Alipoitazama picha alisema, "Dada, hizi si maili zangu." Maili yake yeye ni ya baharini, mita 1,852, ambayo ni dakika moja ya latitudo, na marubani nao hutumia hiyo hiyo. Zile 9,155 zilikuwa maili za nchi kavu, za Wamarekani, mita 1,609 kila moja. Umbali ule ule kwa maili za baharini ni kama 7,950, na kwa kilomita ni zaidi ya 14,700. Namba tatu zilizoachana hivyo, na zote ni sahihi! Ukitumiwa umbali, la kwanza uliza ni wa kipimo gani. Ili uone 14,700 ni nyingi kiasi gani: mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000, kwa hiyo mahali palipo mbali kabisa nawe hapawezi kupita 20,000.

Kwa upande wa umbali vikokotoo hivi ni vizuri kweli, nami sina kinyongo navyo. Ninachokitumia zaidi ni Great Circle Mapper. Ni cha Kiingereza na sura yake ni ya kizamani, lakini kinafanya kazi. Unaandika herufi tatu za kila uwanja na kistari katikati: LAU ni Manda, MYD ni Malindi, MBA ni Mombasa, NBO ni Jomo Kenyatta, WIL ni Wilson, SEA ni Seattle. Unaweza kuchagua kilomita, maili au maili za baharini, na unaweza kuunganisha vituo vingi kwa mkupuo mmoja. Jifunzeni hizo herufi. Jina la mji peke yake hukuponza, kwa sababu Seattle nayo, kama Nairobi, ina zaidi ya uwanja mmoja: karibu na mji kuna BFI, uwanja wa zamani wa Boeing, ambao si huu wa ndege kubwa za abiria wa kutoka nje. Makosa ya namna hiyo yamenigharimu, na nitayaeleza.

Nilichokipenda zaidi ni ule mstari. Nilidhani kwenda Marekani ni kuelekea magharibi: Kongo, kisha Atlantiki, kisha wao. Ukitazama ramani iliyotundikwa ukutani darasani, hivyo ndivyo inavyoonekana. Mstari ulioniletea kikokotoo ulitoka Manda ukaenda kaskazini, ukielemea magharibi kidogo tu, ukapita karibu kabisa na Cairo, ukakata Uturuki upande wa magharibi, Poland, Skandinavia, ukapanda juu ya barafu ya Greenland, ndipo ukashuka Kanada mpaka Seattle. Nilidhani kimekosea. Nikachukua balungi, nikachomeka pini mbili, moja chini kidogo ya mzingo wake wa kati pahali pa Lamu, nyingine upande wa pili huko juu, nikavuta uzi kati yao mpaka ukakaza. Uzi wenyewe ulikwenda juu, karibu na kikonyo. Miaka yote ile niliwafundisha watoto kwamba dunia ni mviringo, na siku hiyo ndiyo niliyoiona kwa vidole vyangu.

Vikokotoo viwili vikipishana kwa makumi ya kilomita katika umbali mrefu hivi, msigombane navyo. Kimoja huhesabu dunia kama mpira kamili. Kingine huhesabu umbo lake halisi, lililobonyea kidogo kwenye ncha: kutoka kitovuni mpaka ikweta ni kilomita 6,378, mpaka ncha ni 6,357. Msafiri wa kawaida hapotezi chochote hapo.

Kwenye muda ndipo yalipo maumivu yangu.

Nilikaa na ile saa 18 na dakika 49 nikaifungua kama wanavyofunguliwa darasa la saba hesabu ya mwendo. Gawa 9,155 kwa 500 na unapata saa 18 na dakika 19. Ongeza dakika 30. Basi, imekwisha! Walichukua ndege ya kuwaziwa inayokwenda maili 500 kwa saa, wakaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Hakuna aliyetazama kama kuna ndege yenyewe, na hakuna. Kutoka Manda hakuna inayoruka kwenda Marekani. Safari za abiria zilizo ndefu kuliko zote duniani, zisizotua njiani, ni kama ile ya Singapore hadi New York, kilomita 15,300 na ushei. Kikokotoo kiliniambia, bila kusema, kwamba kuna ndege inayoondoka kiwanja chetu kidogo kando ya mikoko ikaenda karibu sawa na hiyo. Mkwe wangu ni mtu msomi na ananipenda, naye hakuona hilo, kwa sababu namba ilikaa chini ya mstari uliochorwa vizuri.

Sasa yaliyonipata Februari 2022. Simu ilikuja usiku. Asubuhi nilikwenda ofisi moja ya tiketi ambayo sitaitaja, nikamwonyesha kijana wa pale ile picha, naye akanikatia tiketi mbili mbalimbali: ya kutoka Manda siku inayofuata kufika Nairobi saa nane kasoro dakika kumi mchana, na ya Dubai kuondoka Nairobi saa kumi na nusu na dakika chache jioni. Kwa macho ni zaidi ya saa mbili na nusu, nafasi ya kutosha. Ila ile ya Manda ilikuwa ya kutua Wilson, na ya Dubai inaondoka Jomo Kenyatta. Ukikiuliza kikokotoo WIL hadi NBO kitakwambia kilomita 12 au 13. Ni kweli, kwa kunguru. Kwa teksi, mwezi ule, Barabara ya Mombasa ilikuwa imefukuliwa kwa ajili ya ile barabara ya juu ambayo ilikuja kufunguliwa Mei, na magari yalikuwa yamesimama kama yameegeshwa. Ndege yetu ilichelewa kutoka Manda, mizigo ikachelewa kutoka Wilson, na nilipofika kaunta ilikuwa imefungwa. Kipimo cha Korona, ambacho Marekani wakati ule ilitaka kiwe kimefanywa si zaidi ya siku moja kabla ya kuondoka, kikapitwa na wakati mkononi mwangu. Kwa sababu tiketi zilikuwa mbili zisizojuana, hakuna aliyewajibika kunipeleka mbele. Nafasi niliyoimudu ilipatikana baada ya siku mbili.

Nilimsikia mjukuu wangu akilia kwa simu. Binti yangu alikuwa akinong'ona, "Mama, umefika wapi?" nami nikamwambia, "Niko njiani, mwanangu." Sikuwa njiani. Nilikuwa kwenye kochi la watu.

Kwa hiyo mara ya pili nilikataa kabisa kuuliza "Lamu hadi Seattle". Niliuliza mguu mmoja mmoja, kila mguu wenye ndege ya kweli juu yake. Manda hadi Jomo Kenyatta ni kama kilomita 455. Jomo Kenyatta hadi Dubai ni karibu 3,550. Dubai hadi Seattle ni karibu 11,930. Jumla inakaribia 15,940. Hapa kikokotoo kilinifundisha jambo la faida: nilidhani kupitia Dubai ni kuzunguka sana, kwenda mashariki wakati ninakotaka ni upande wa pili wa dunia. Kumbe ziada yote, Nairobi ikiwamo, ni kama kilomita 1,200 juu ya mstari ulionyooka. Hata sehemu ya kumi haifiki. Kati ya Dubai na Seattle tofauti ya longitudo ni karibu digrii 180, kwa hiyo njia fupi kuliko zote kati yao inapita jirani na ncha ya kaskazini. Rubani ataipinda kwa ajili ya upepo na anga zilizofungwa, lakini mstari ndio huo.

Na ukiigawa kwa miguu, ile hesabu yao ya 500 na nusu saa inakaribia kweli kuliko nilivyotarajia. Kwa Manda–Nairobi inatoa saa 1 na dakika 4, nami nilitumia 1 na dakika 10, kwa ndege ya panga. Kwa Nairobi–Dubai inatoa 4 na dakika 55, nami nilitumia 5. Kwa Dubai–Seattle inatoa zaidi kidogo ya 15, nami nilitumia 14 na nusu. Kwa hiyo hesabu yenyewe haina kosa kubwa. Kosa ni kuitumia juu ya safari isiyokuwapo.

Kasoro moja inabaki hata hapo: vikokotoo vingi vinatoa muda ule ule kwa kwenda na kurudi. Nilipomweleza kaka yangu hivyo alicheka, kwa sababu hakuna mtoto wa pwani anayeamini kwamba kwenda na kurudi ni sawa. Wazee wetu walingoja kaskazi na kusi kwa miezi. Huko juu nako, katika nchi za kaskazini, upepo mkubwa huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Mtazameni Kenya Airways, iliyoanza kuruka moja kwa moja Nairobi hadi New York tarehe 28 Oktoba 2018: kwenda ilitangazwa kuwa kama saa 15, kurudi kama saa 14, na umbali ni ule ule, kama kilomita 11,800. Saa nzima ni ya upepo.

Sasa nieleze Julai 2024, kwa saa zetu, kama ilivyokuwa.

Jumanne nilitoka nyumbani saa nne asubuhi. Punda alibeba masanduku mpaka gatini, kaka akanivusha na boti yake. Kusi lilikuwa limekaza, na pale penye mkondo maji yaliruka mpaka mapajani, kwa hiyo funikeni mizigo kwa turubai. Dakika kumi hivi za boti, ambazo haziko katika kikokotoo chochote. Ndege iliondoka saa sita na nusu mchana, na safari hii nilihakikisha inatua Jomo Kenyatta. Nilifika saa nane kasoro dakika ishirini. Nikakaa mpaka saa tano kasoro robo usiku, ndege ya Dubai ilipoondoka. Saa tisa za kukaa! Binti yangu aliniona nimezidisha. Lakini ni heri nikae uwanjani na tasbihi na chupa ya maji kuliko nirudi tena South C.

Dubai tulitua saa kumi na dakika arobaini na tano usiku kwa saa zao, ambazo ziko mbele yetu kwa saa moja. Nikasali alfajiri hapo. Saa tatu na dakika kumi asubuhi tukaruka.

Safari hiyo siwezi kuipita haraka. Ilikuwa Boeing 777, na ndege hizo huundiwa Everett, kaskazini tu ya Seattle, kwa hiyo ilikuwa ikielekea ilikozaliwa. Saa 14 na nusu, na jua halikuzama. Julai, kule juu, jua huzunguka tu bila kushuka. Walifunga madirisha watu walale, nami kila nilipoinua pazia kidogo niliona mwanga mweupe, barafu chini, na bahari nyeusi iliyopasuka katikati yake. Saa yangu ya mkono, niliyoiacha na saa za Lamu, iliniambia ni magharibi, kisha isha, na nje ni mchana. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimekwenda kwa shehe wa mtaani kumwuliza sala za safari kama ile nizisali vipi. Alinipa maelekezo, nikayafuata, moyo ukatulia. Wazee wanaosafiri njia hii waulize kabla, kwa sababu hewani hakuna wa kumwuliza na saa ya mkono haisaidii.

Tulitua Seattle saa saba kasoro dakika ishirini mchana, siku ile ile ya Jumatano. Nimeruka saa 14 na nusu, na saa ya ukutani imesogea saa tatu na nusu tu.

Hapa ndipo hesabu inapowachanganya watu. Jumanne saa nne asubuhi mpaka Jumatano saa saba kasoro ishirini mchana, kwa kutazama saa peke yake, ni saa 26 na dakika 40. Lakini kiangazi Seattle iko nyuma yetu kwa saa 10. Nilipotua, Lamu ilikuwa saa tano kasoro dakika ishirini usiku. Safari ya kweli ni saa 36 na dakika 40, toka mlangoni kwangu mpaka magurudumu kugusa ardhi. Humo angani ni 20 na dakika 40, na saa 16 ni za boti, viti vya uwanjani na foleni. Ongeza saa moja na nusu ya uhamiaji na mizigo. Kikokotoo kilisema 18 na dakika 49. Ni karibu mara mbili.

Hizo saa 10 nazo hazikai. Wamarekani husogeza saa zao: kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba mpaka Jumapili ya pili ya Machi tofauti na sisi huwa 11. Kiangazi, kwetu ikiwa saa moja jioni, kwa binti yangu ni saa tatu asubuhi. Wakati wa baridi ni saa mbili. Nimevikuta vikokotoo ambavyo havina habari hizo, vinakupa tofauti moja mwaka mzima.

Na kuna jambo ambalo hakuna mtu wa nje atakaloliweka katika programu, kwa hiyo nalisema mimi. Tiketi huandika 22:45, Jumanne. Kwetu siku huanza magharibi, na mzee wa Lamu ukimwambia usiku ule atakwambia ni usiku wa Jumatano. Kaka yangu alisoma tiketi yangu, akahesabu kwa kawaida yetu, akapanga boti siku isiyokuwa yake. Tuliligundua siku tatu kabla. Kwa hiyo mkiwaandikia wazee, andikeni hivi: "Jumanne baada ya isha, saa tano kasoro robo, kabla Jumatano haijapambazuka." Msiwaachie namba za saa 24 peke yake.

Mizigo niitaje kwa ufupi. Ndege ndogo za huku kwetu nyingi huruhusu kilo 15. Za kwenda Marekani mara nyingi ni masanduku mawili ya kilo 23. Ukiwa na tiketi mbili mbalimbali, kilo 15 ndizo zitakazokuamulia, au utalipia ziada Manda. Mimi nililipia, kwa sababu pilipili manga, udi na leso za mzazi sikuwa tayari kuviacha, na watu wa forodha wa kule niliwaandikia kila kitu kwenye fomu. Hawakuchukua hata kimoja. Nyama msijaribu.

Watu wa Malindi mna nafuu kidogo: kwenu hadi Nairobi ni kama kilomita 410, na hamna boti ya kungojea. Lakini swali la Wilson au Jomo Kenyatta ni lenu pia, kwa hiyo tazameni herufi kwenye tiketi kabla ya kulipa.

Nyota zangu ni hizi. Kwa umbali, tano kamili katika tano. Kwa muda wa mguu mmoja mmoja, nne. Kwa muda wa uwanja mdogo hadi uwanja wa mbali, ile namba moja kubwa wanayoiweka juu ya ukurasa, nawapa moja, na hiyo moja ni kwa sababu hesabu ya kugawa hawakuikosea. Wanaotengeneza vitu hivi nawaomba jambo moja tu: pale ambapo hakuna ndege ya moja kwa moja, waandike hapo hapo kando ya muda kwamba hakuna. Sentensi moja. Ingekuwapo ile Januari, ningeondoka wiki mbili mapema.

Mtoto wa pili alizaliwa siku ya kumi na moja baada ya mimi kufika, usiku, nami nilikuwa nje ya mlango wa chumba. Nilikaa arobaini yote na wiki moja juu yake.

Desemba hii wanakuja wao, na kaskazi litakuwa limeshika. Mkwe wangu alinitumia picha nyingine ya skrini, safari hii miguu mitatu, na kando ya kila mguu ameandika saa za kusubiri, saa za Seattle, saa za Dubai na saa zetu. Chini kabisa ameuliza: "Mama, tukitua Manda saa nane mchana, boti itakuwapo?" Nimempa kaka tarehe. Ameitazama, akatazama mwezi, akasema maji yatakuwa yanajaa, kwa hiyo watashukia kwenye ngazi za juu, watoto hawataloa.